Jumuiya inakuja kusali kwangu, ila bibi asiwepo

Tumsifu Yesu Kristo, dada.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 43, naishi mji mmoja mkoani Shinyanga. Kazi yangu ni ushonaji, cherehani ninayo hapahapa barazani. Mume wangu ni dereva wa lori la pamba. Msimu ukichanganya anaweza kumaliza wiki mbili hajalala nyumbani. Sisi ni Wakatoliki, na jumuiya yetu inasali kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba. Nakuandikia wewe kwa sababu wote ambao kwa kawaida ningewaomba ushauri wamo ndani ya tatizo lenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimuuguza mama mkwe hospitali. Kitanda cha jirani alilazwa bibi mmoja aliyevunjika mkono, na hakuwa na mtu. Unazijua wodi zetu, mgonjwa anakula kilicholetwa na ndugu zake. Basi nikawa nikipika uji wa mama mkwe nazidisha kikombe kimoja. Mama mkwe aliporuhusiwa nikaendelea kupeleka kile kikombe, nikashindwa kuacha. Siku moja nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Bibi nilimkuta nje kwenye benchi, karibu na wanapofulia, mkono una hogo, pembeni kafurushi kake ka kitenge. Alikuwa ameruhusiwa tangu juzi yake na hajui aende wapi. Nikampakia kwenye bajaji. Mume wangu nilimwambia kwa simu kwamba ni siku mbili tatu. Sasa imetimia miezi saba.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo. Ni mjane, anatoka wilaya nyingine. Mtoto wa shemeji yake alifariki, watu wakaenda kupiga ramli, mganga akasema mchawi ni kikongwe wa ukoo huohuo mwenye macho mekundu. Kikongwe mwenye macho mekundu katika ukoo ule yuko mmoja tu. Usiku nyasi za nyumba yake zikawashwa moto, akatoka mbio gizani, akaanguka korongoni, mkono ukavunjika. Anaye mwanawe machimboni Geita. Namba yake tunayo. Mara ya kwanza alipokea, akasema atapiga. Siku hizi akiona namba yangu anakata.

Dada, ni mtu asiye na kero. Anaamka kabla ya jogoo, anafagia uwanja kwa mkono mmoja, nikitoka ananisalimia "mwangaluka" kama vile mimi ndiye mgeni. Mchana yuko chini ya mwarobaini anabangua karanga. Meno hana, michembe ya viazi vikavu namlowekea kwenye chai. Watoto wadogo hawabanduki pale.

Ila maneno yakaanza. Mwaka jana nilishona magauni ya komunyo ya kwanza 31. Mwaka huu nimeshona tisa. Hakuna aliyeniambia kwa nini, wanasema tu "tutakuja". Mwezi wa sita mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, alishikwa degedege usiku. Ilikuwa malaria, kipimo kilionyesha, akatibiwa akapona. Lakini kabla hatujatoka kwenda zahanati, jirani aliyenisaidia kumbeba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Yule wako amelala wapi?"

Hili ninalokuandikia sasa sijamwambia mtu, hata padre. Usiku ule, kabla ya kutoka na mtoto, nilirudi nikafunga komeo la chumba cha bibi kwa nje. Mikono yangu ilifanya wakati kichwa kinasema acha. Nilirudi saa mbili asubuhi. Nilipofungua, bibi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, na mkeka ulikuwa umelowa, kwa sababu hakuweza kwenda chooni. Hakuniuliza kitu. Aliuchukua mkeka akauosha mwenyewe, kwa ule mkono mmoja, akauanika kwenye uzio. Kisha akaniuliza mtoto anaendeleaje.

Sasa zamu ya jumuiya kusali kwangu imefika, Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Juzi mwenyekiti wetu, mama mmoja ninayempenda na ambaye ni msimamizi wa ubatizo wa binti yangu, alikuja jioni. Nilimpa chai, hakuinywa, akasema tumbo limemvuruga. Halafu akasema wanajumuiya wengine wana mashaka, je, siwezi siku hiyo kumpumzisha bibi mahali pengine, kwa masaa mawili tu, ili watu wasali kwa amani?

Nilipomsimulia mume wangu, akasema hiyo ndiyo njia Mungu anayotuonyesha. Nimpeleke makazi ya wazee ya serikali, moja kwa moja, si kwa masaa mawili. Alifungua Biblia akanisomea barua kwa Timotheo, kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba, na chumba chake ndicho alichopewa bibi. Yeye anasomea sebuleni, wadogo zake wakiwa wanapiga kelele. Hajawahi kulalamika. Wiki iliyopita alishika nafasi ya 40 darasani, na huko nyuma hakuwahi kuvuka ya 15.

Nimeshika ile sura ya Mathayo, nalikuwa mgeni mkanikaribisha. Nikimpeleka, si nitakuwa nimemtoa Yesu mlangoni? Na nikimbakiza, si nitaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu? Na je, mtu aliyefunga lile komeo ana haki gani ya kujiita anamhudumia mwenzake kwa imani?

Mama wa Wanne, Shinyanga

JIBU

Milele amina, mama mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikwama kwenye komeo. Nitafika huko. Kwanza nikurudishie kisa chako kama nilivyokielewa, unisahihishe nikikosea.

Ulianza na kikombe kimoja cha uji. Kikombe kikawa kitanda, kitanda kikawa chumba cha binti yako, chumba kikagusa cherehani yako, ndoa yako na sasa sala yenu ya Alhamisi. Hakuna siku uliyokaa chini ukaamua kwamba utamlea kikongwe aliyesingiziwa uchawi. Kila siku uliamua jambo dogo la siku hiyo. Ndivyo huduma nyingi za kweli zinavyoanza, na ndiyo maana zinatuelemea: mzigo hatukuupima, tulijikuta tayari tumeubeba. Sasa watu wawili unaowaheshimu, mumeo na mwenyekiti wako, wanakuambia uutue, kila mmoja na sababu yake, na wewe unasikia kama unaambiwa umtue Yesu.

Hapo kwenye Mathayo 25 naomba tukae kidogo. Wale wa mkono wa kuume, wanapoambiwa walimkaribisha Bwana, wanashangaa. Wanauliza, lini tulikuona? Hawakuwa na daftari la hesabu. Wewe sasa unaisoma sura ile kama mwanafunzi anayesoma karatasi ya mtihani aliyoikosea, unatafuta kosa liko wapi. Sijui kama iliandikwa isomwe hivyo na mama ambaye alimpakia mgeni kwenye bajaji kabla ya kufikiri atamlaza wapi.

Tena fikiria Msamaria wa Luka 10. Sisi wahubiri wa vibarazani tunapenda kuishia pale alipomfunga majeraha. Lakini fuata hadithi mpaka mwisho: alimpeleka nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili, akasema ukizidisha gharama nitakulipa nikirudi, akaendelea na safari yake. Kazi aliigawa. Akatoa fedha, akatoa ahadi ya kurudi, na mtu mwingine akashika zamu. (Angembeba hadi kwake Samaria, huenda leo ningekuwa najibu barua ya mkewe.) Sisemi kwamba bibi naye apelekwe. Nasema tu kwamba kumkabidhi mtu kwa mikono mingine, ukiwa utarudi, hakukumwondolea Msamaria sifa yake. Kinachobaki ni kuuliza: mikono ipi, na je, utarudi?

Sasa mumeo. Umemwandika kwa haki, hujamfanya jitu baya, lakini naona umemweka upande wa wasioamini vya kutosha. Je, umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa? Kuna hofu mbili hapa na hazifanani. Ya kwanza ni ya kuamini kwamba bibi anaroga. Ya pili ni ya mwanaume aliye barabarani Kahama usiku wa manane, akijua kwamba mkewe na watoto wanne wamelala nyumba moja na mtu ambaye mahali pengine walishamchomea nyumba. Habari za vikongwe wa Kanda ya Ziwa na huko magharibi kuuawa kwa sababu ya macho yao tumezisikia miaka na miaka. Hofu hii ya pili haina uhusiano na uchawi. Ni akili timamu ya baba. Kama ndiyo yake, basi nyinyi wawili hamgombani kama mlivyodhani, na kuna la kufanya pamoja kabla ya kuzungumzia nani aondoke.

Na ule mstari aliokusomea, 1 Timotheo 5:8, mwombe aendelee kusoma mpaka wa 16. Sura ile yote karibu inahusu wajane. Paulo anasema wenye ndugu watunzwe na ndugu zao, ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale walio wajane kweli kweli, yaani wasio na mtu. Mumeo ana haki kukukumbusha watoto wako. Lakini sura ileile inauliza swali ambalo si la kwako peke yako: mjane asiye na mtu, kanisa lake liko wapi?

Hapo ndipo namfikia mwenyekiti wenu na chai yake.

Nilicheka kidogo, nisamehe, niliposoma kwamba tumbo lilimvuruga. Halafu nikahuzunika. Mama yule alikuja mwenyewe, jioni, hakutuma ujumbe wa simu. Alitaka kulinda sala, na nadhani alitaka pia kukulinda wewe usiaibike watu wasipotokea. Lakini alichokuomba kina bei ambayo huenda hakuiona. Siku utakayomtoa bibi ili watu wasali kwa amani, mtaa mzima utajua kwamba hata wewe unaamini kuna kitu. Masaa mawili yale yatasemwa miaka. Kwa upande mwingine, ukimkatalia kwa ukali, ukamwambia wazi kwamba nyinyi ni wanafiki wa kusoma Injili na kumfukuza mgonjwa, utakuwa umesema kweli yenye kukufurahisha kwa usiku mmoja, halafu Alhamisi utakaa na viti vitupu. Jumuiya ni majirani zako. Ndio watakaosikia ukipiga yowe.

Jumuiya hizi hazikuja bure. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka mbele ili kanisa liwe pale watu wanapoishi, majirani wajuane kwa majina, mgonjwa wa nyumba ya tatu ajulikane kabla hajafa. Sasa nyumba ya tatu ni yako na mgonjwa ndiye huyu. Unaweza kumrudia mwenyekiti peke yake, kwake, unywe chai yake, umwambie yale uliyoniambia mimi. Mwambie na habari ya nyasi zilizochomwa, mwambie na habari ya mwana wa Geita anayekata simu. Nina wasiwasi kwamba wanajumuiya wanajua macho yake tu na hawajui kisa chake. Ukiona mazungumzo yameenda, omba katekista au paroko aje siku hiyo. Watu wetu huogopa kutokuja padre akiwepo, na sioni aibu kuitumia hofu hiyo kwa kazi njema. Unaweza pia kuiahirisha zamu, ukabadilishana na nyumba nyingine, ukapata mwezi wa kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Wengine wataiona ni woga. Mimi naiona ni muda tu, na muda wakati mwingine ndio unaohitajika, ingawa pia una hatari yake: jambo lililoahirishwa mara moja huwa rahisi kuliahirisha mara ya pili.

Kuhusu macho yenyewe, nikuambie jambo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu kama pilipili iliyoiva. Sisi wajukuu hatukuwahi kushangaa, kwa sababu tulikuwa tunalia naye jikoni. Kuni mbichi, mabua ya mtama, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, jiko halina dirisha, miaka 60 ya kupuliza moto. Macho gani yangebaki meupe? Mpeleke bibi kliniki ya macho. Inawezekana kuna ugonjwa unaotibika, na hata kama haupo, siku mtu akikuuliza kwa sauti ya chini utakuwa na jibu la daktari mkononi. Jibu hilo halitamshawishi kila mtu. Litamshawishi yule aliyekuwa anatafuta sababu ya kurudi kushonesha gauni.

Sasa usalama, ambao hauwezi kusubiri Alhamisi. Je, mwenyekiti wa mtaa anajua rasmi kwamba mzee huyu anaishi kwako na kwa nini? Je, ametambulishwa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri? Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai kwetu tangu zamani. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa mwaka 1928. Sikushauri uwashitaki majirani, hilo lingewasha moto usiokuwepo. Lakini kiongozi wa mtaa aliyejulishwa mapema ana wajibu, na asiyejulishwa ana kisingizio. Ukisikia tishio la wazi, hata la mlevi, hapo usipime tena, nenda polisi, dawati la jinsia na watoto wamezoea mambo haya.

Huyohuyo afisa ustawi ndiye mlango wa mambo mengine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60 na inazungumzia matibabu bure kwa wasio na uwezo. Uliza bibi anapataje kitambulisho. Uliza pia kama kaya yake kijijini ilikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Isije ikawa aliyekimbizwa yuko kwako anakula michembe na jina lake bado linaitwa kule siku ya malipo, wengine wakisaini. Na yule kijana wa Geita, acha kumpigia kwa namba yako. Sauti ya afisa wa serikali hupokewa tofauti, au labda aongee na mama yake mwenyewe. Mwana anayekata simu si lazima awe amemtupa mama. Kuna wanaokata kwa sababu hawana la kusema.

Makazi ya wazee. Kwa ulipo, nadhani mumeo anafikiria Kolandoto, au Bukumbi kule Misungwi. Umeandika neno "makazi" kana kwamba ni shimo. Umewahi kufika? Nenda siku moja, usimwambie mtu unachopima, peleka sabuni na sukari kama wageni wengine, kaa mpaka chakula cha mchana. Angalia nani anapika, wazee wanakaa wapi jua likiwa kali, wanaitana kwa majina au la. Kule bibi anaweza kupata kitu usichoweza kumpa: wenzake waliokimbia yaleyale, ambao hawatashtuka na macho yake. Anaweza pia kupoteza kitu ambacho kule hakipo, wanao wadogo chini ya mwarobaini. Nafasi zenyewe si za kuomba leo ukapata kesho. Wanapokewa wazee wasio na wa kuwatunza, na utaratibu unapitia ustawi wa jamii. Na akienda, nani atakuwa anamtembelea? Kama jibu ni wewe peke yako, mara moja, halafu shughuli zikazidi, basi lijue hilo mapema.

Kati ya kubaki kwako na kwenda makazi, mimi naona pia vijia katikati. WAWATA, wale wanawake Wakatoliki wa parokia yako, wanaweza kuchangia chakula chake. Kuna mama mwenye chumba cha nje ambaye angeweza kumpokea miezi miwili hii ya mtihani tu. Kuna mtu anayeweza kumpeleka kliniki ili wewe ushone. Masista wa Mama Teresa wako Tanzania tangu mwaka 1968, na hata wao, ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanapokezana. Hakuna sista anayelea wazee peke yake chumbani kwake. Kwa nini wewe, mwenye cherehani na watoto wanne, ujipe kanuni ngumu kuliko ya masista?

Binti yako nimemweka mbali na mengine makusudi. Yeye hakuombwa. Umesema hajawahi kulalamika, na mimi mtoto asiyelalamika akashuka kutoka 15 hadi 40 ananitia wasiwasi kuliko anayepiga kelele. Mkae wawili, bila bibi, bila baba. Usimuulize kama amekasirika, atasema hapana. Muulize angependa kusomea wapi mpaka Novemba. Shule nyingi za kata huweka kambi ya kidato cha nne. Kama yao ipo, labda fedha ya kambi ndiyo huduma inayotangulia nyingine zote kwa sasa. Na mshukuru kwa chumba. Sidhani kuna mtu amemshukuru.

Lakini yupo mwingine ambaye hakuombwa kabisa. Katika barua yako ndefu, bibi amesema mambo mawili tu: mwangaluka, na mtoto anaendeleaje. Mumeo ana rai, mwenyekiti ana rai, jirani ana rai, mimi huku mbali nina rai. Yeye anataka nini? Pengine anatamani kurudi kwao na hathubutu kusema. Pengine alishasikia maneno yote kupitia dirishani na anajiandaa kuondoka alfajiri moja ili asikuletee shida. Wazee hufanya hivyo. Pengine siku ya Alhamisi angependa kukaa chumbani mwenyewe, kwa hiari yake, au angependa kukaa mbele kabisa na kusikiliza nyimbo. Hajulikani hata kama amebatizwa, na barua yako haikusema, jambo nililolipenda sana.

Sasa komeo.

Unauliza mtu aliyelifunga ana haki gani. Ulikuwa na mtoto anayekakamaa mikononi, saa nane ya usiku, na swali la jirani sikioni. Umezaliwa na kukulia mahali ambapo hofu hii inanyonywa na maziwa. Ingekuwa ajabu kama isingekupata hata mara moja. Haikufanyi mwongo kwa miezi mingine yote. Lakini pia sitakuambia ni kitu kidogo, kwa sababu hukukiandika kama kitu kidogo, na kwa sababu ya ule mkeka. Kwa masaa yale ulifanya, kwa upole, walichofanya wenzake kwa moto. Najua ndicho unachojiambia, kwa hiyo afadhali uone kimeandikwa na mtu ambaye bado anakuheshimu.

Je, umwombe msamaha? Nimelifikiria siku mbili. Ukimwomba, unaweza kumwondolea swali ambalo huenda analala nalo, kama kuna usiku mwingine utamfungia. Unaweza pia kumlazimisha kuzungumza jambo ambalo alichagua kuliosha na kulianika akanyamaza, na kumfanya akufariji wewe. Mimi kwenye nafasi yako labda ningeanza na mikono: ningeling'oa lile komeo la nje, yeye akiwepo anaona, nikaweka la ndani ambalo atalifunga na kulifungua mwenyewe. Halafu kama neno likija, lije. Kwa padre unaweza kwenda pia, maana hilo ni lako na Mungu, lakini kwa padre pasiwe mahali pa kukwepea chumba cha bibi.

Zimebaki wiki mbili, si siku mbili. Mumeo arudi safari hii, ale, alale, kisha muanze na lile swali la hofu ipi. Mengine yatajipanga au hayatajipanga. Niandikie baada ya Alhamisi ile, hata kama viti vilibaki vitupu. Na kesho asubuhi bibi akikusalimia, mwambie yuko mtu huku naye anamwambia mwangaluka.